Binti Aliyeliamkia Joka

Shujaa wa filamu yetu alipofika mbele ya joka lililomeza jua, hakuurusha mkuki. Aliulaza chini, akapiga magoti, akaanza kupiga makofi ya taratibu, kisha akaliamkia. Aliliuliza limeamkaje. Aliliuliza habari za mama yake, za ndugu zake, za mifugo yake, na za mvua ya upande ule wa mlima. Joka nalo lilijibu, jambo moja baada ya jingine, na salamu hiyo ilikula filamu nyingi kuliko safari yote ya binti, kuliko mto aliouvuka, kuliko vita yenyewe. Vita ilikuwa fupi kiasi kwamba mtu akiinama kupiga chafya, akiinuka anakuta imekwisha.

Filamu hiyo tuliitengeneza Kasulu, miaka ya sabini, juu ya kioo cha dirisha, kwa ngozi ya mbuzi na nyuzi za katani. Afisa aliyekuwa na mamlaka juu yake alitaka salamu ikatwe. Nilikataa. Nimewasikia watu wakisimulia habari hii na kuipamba, wengine wakinifanya mkali kuliko nilivyokuwa, wengine wakimfanya afisa yule mbaya kuliko alivyokuwa. Kwa hiyo naiandika hapa kwa mpangilio wake.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi nilifundisha watoto, na alasiri nilifundisha darasa la watu wazima katika ukumbi wa misheni. Misheni ilikuwa na bruda mmoja Mzungu, mtu mwembamba aliyekaa nasi miaka mingi, fundi wa jenereta na mashine ya kusaga. Alikuwa na kamera ndogo ya sinema yenye waya mwembamba. Ukibonyeza mwisho wa waya ule, kamera hupiga picha moja tu, kisha hutulia ikakungoja. Idara ya elimu wilayani ilikuwa imempa filamu mbichi ili atengeneze somo la kuchimba vyoo.

Bruda alinieleza mpango wake. Tutakata nzi wa ngozi, tumlaze juu ya kioo, taa iwe chini ya kioo na kamera iwe juu. Tunamsogeza nzi kidogo sana, tunatoa mikono, tunapiga picha moja. Tunamsogeza tena, tunapiga tena. Picha zikionyeshwa kwa kasi, nzi atatembea mwenyewe kutoka chooni mpaka kwenye sahani ya ugali.

Aliyemkata nzi huyo alikuwa fundi wa makubazi aliyekaa nje ya lango la misheni. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, alivuka mpaka upande wa Nyabibuye akiwa peke yake, na huko kwao kazi yake ilikuwa kuwamba ngoma. Kirundi chake na Kiha changu vilisikilizana bila shida. Alikuwa na kisu kilichonolewa mpaka kimebaki kama jani la nyasi, na kwa kisu hicho alimkata nzi mwenye miguu yote, kila mguu na kiungo chake, kila kiungo kimefungwa kwa uzi.

Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa na ikarudi baada ya mvua za masika. Tuliionyesha kwa darasa langu la watu wazima, juu ya shuka. Nzi akatembea. Watu walipiga kelele za furaha, kisha mama mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza:

“Mwalimu, huyu nzi anakwenda wapi?”

“Kwenye sahani.”

“Halafu?”

“Halafu watu wanaumwa matumbo.”

“Na hakuna wa kumzuia?” Alinitazama kama mtu niliyemficha nusu ya habari. “Kijiji kizima, hakuna hata mmoja wa kupigana naye?”

Bruda alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake fundi alikuja na kipande cha ngozi ya ng'ombe yenye manyoya, madoa meusi na meupe, akakitandaza mezani. “Huyu,” alisema, “atakuwa mkubwa kuliko nzi.” Bruda alihesabu filamu mbichi zilizobaki kabatini, akaguna, akasema somo la vyoo limeshapatikana, na kilichobaki si dhambi kukitumia.

Hadithi tuliitunga wenyewe, darasa zima, kwa mabishano. Joka linatoka chini ya mlima na kumeza jua. Ukungu ule tunaouona asubuhi katika milima yetu unabaki kutwa nzima. Mihogo iliyolowekwa haikauki, inaota ukungu juu ya mawe. Ng'ombe hawajui saa ya kurudi. Wanaume wanakaa mkutano juu ya mkutano wakijadili nani aende. Binti mmoja anachoka kusikiliza, anachukua mkuki wa babu yake na kwenda kulidai jua. Akina mama wa darasa langu walisisitiza awe binti. Walipoulizwa sababu, walisema ndiye anayehangaika na mihogo.

Jua tulilipata kwa mwenye duka mmoja mjini, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walikuja Kasulu kutoka pwani. Alitukopesha sinia la shaba la nyumbani kwake, akatukopesha na sauti yake, kwa kuwa filamu ile haikuwa na sauti na ilibidi watu wasimame nyuma ya shuka na kuisemea. Yeye alikuwa joka. Mimi nilikuwa binti. Joka letu lilizungumza Kiswahili cha pwani chenye madaha, na mzee alilifanyia mazoezi dukani, akiwangurumia wateja waliokuja kununua chumvi. Mke wake hakupendezwa. Kila nilipopita alinihoji kutoka uani:

“Mwalimu, sinia langu lini? Wageni wakija nipakue pilau kwenye mwezi?”

Sasa niseme habari za uzi, kwa sababu ndipo baba yangu anapoingia.

Viungo vya binti vilihitaji uzi mwembamba usiovutika. Fundi alitaka katani. Nilijua pa kuipata: nyumbani kwetu Kibondo, kwenye boriti, kulikuwa na kamba ya mkonge ambayo baba aliitoa Tanga. Baba alikwenda huko kama walivyokwenda wanaume wengi wa Buha, nchi yetu Waha, kwa mkataba wa kukata mkonge, mimi nikiwa mdogo. Aliporudi alikuwa na koti la mvua, ile kamba, na neno moja: Jambo.

Asiyetujua haelewi uzito wa neno hilo. Kwetu mtu haamkiwi kwa neno moja. Mnashikana viwiko, au mdogo anainama na kupiga makofi polepole, mnaulizana mlivyoamka, nyumba ilivyoamka, wazazi, watoto, ng'ombe, shamba. Mwulizaji hapiti swali mpaka amejibiwa. Wakati huo wote makofi yanaendelea, laini, kama mvua inayoanza juu ya majani ya mgomba. Huko mashambani Tanga, Waha wawili wakikutana na kufanya hivyo, wengine waliwazunguka na kuwapigia makofi ya ngoma. Walisema, haya, washamba wanacheza. Msimamizi naye alicheka. Baba hakunisimulia hayo. Alimsimulia mama, nami nilikuwa nyuma ya mlango.

Siku aliyorudi, bibi yangu, mama yake mzazi, alitoka nje mikono imenyooshwa. Alimshika viwiko, akarudi hatua nyuma, akaanza kupiga makofi na kusema, “Mwakeye, mwana wanje,” yaani umeamkaje, mwanangu. Baba akasema, “Jambo, mama.” Akampita, akaingia ndani na kuketi. Bibi aliendelea kupiga makofi kidogo, yakipungua, kisha akabaki ameshika mkono wake mmoja kwa mwingine. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Tangu siku hiyo baba hakumwamkia mtu kwa Kiha, si jirani, si mkwe, si sisi watoto. Hakuwa mkali. Alikuwa ametoka tu katika jambo hilo, kama mtu anavyotoka katika chama.

Nilipokwenda kuomba kamba, aliniuliza ya nini. Nikamwambia ya kumfunga mikono binti wa ngozi ili aweze kuichezesha. Aliishusha kutoka kwenye boriti, akaichambua mwenyewe kwa kucha, unyuzi kwa unyuzi, akanipa fungu jembamba kama nywele. “Hii haikatiki,” alisema. “Naijua.”

Tulitengeneza filamu kwa miezi, siku za mapumziko na alasiri zisizo na darasa. Ukungu tuliutengeneza kwa unga wa muhogo tulioupuliza juu ya kioo. Mto ulikuwa kitambaa cha bluu cha mwenye duka, kilichovutwa kidogo kidogo. Fundi alilisogeza joka, mimi nilimsogeza binti, Bruda alibonyeza waya na kutukemea tuliposahau kivuli cha kidole ndani ya picha. Tulipofika kwenye mlima wa joka, ilibaki filamu mbichi moja tu. Bruda alisema hiyo ni ya vita. Kisha mashine ya kusaga ya Makere ikaharibika, akaitwa, akatuachia kamera.

“Malizeni vita,” alisema akiwa ndani ya gari. “Vita tu.”

Hatukupanga kilichotokea. Nilimweka binti mbele ya joka. Nikalaza mkuki wake chini, kwa sababu mtu hapigi makofi akiwa ameshika mkuki. Nikamkunja magoti. Ili mikono yake iende kwa mapigo sawasawa, nilisema salamu kwa sauti, polepole, nikisogeza viganja: mbali, karibu, vinagusana, tunapiga picha. “Mwakeye.” Fundi, akichezesha taya la joka, akajibu. Nikauliza habari za nyumba. Akajibu. Nikauliza habari za mama yake.

Hapo fundi alishikilia taya bila kulisogeza. Nilikuwa najua hana aliyebaki. “Yupo,” alisema baadaye, kwa niaba ya joka, akasogeza taya. Nikauliza habari za ndugu. “Wapo.” Za ng'ombe. “Wapo, wananenepa.” Tuliendelea. Kila swali lilikuwa na makofi yake, na kila kofi lilikuwa picha kadhaa. Mchana ukapita. Hakuna aliyefikiri kwamba tunafanya jambo la ajabu. Tulikuwa tunafanya kile kinachofanyika kabla ya mambo mengine kuanza.

Fundi ndiye aliyetazama kijidirisha cha kamera kinachoonyesha filamu iliyobaki.

“Mwalimu,” alisema. “Vita.”

“Imebaki kiasi gani?”

Akaninyooshea kidole cha mwisho cha mkono, kisha akakikunja katikati.

Kwa hiyo vita yetu ilikuwa hivi: binti anainuka, anaokota mkuki, anauinua mara moja, joka linafungua kinywa, sinia linatoka. Filamu ikaisha jua likiwa bado halijafika juu.

Bruda aliporudi na mafuta ya mashine mpaka kwenye viwiko, tulimweleza. Alikaa juu ya ngazi.

“Filamu nzima? Kwa salamu?”

“Bruda,” fundi alisema kwa upole, “angeanzaje kupigana na mtu ambaye hajamwamkia?”

“Si mtu! Ni joka!”

“Ndiyo. Joka lenye mji wake. Yeye ndiye mgeni pale.”

Bruda alitutazama kwa zamu, mmoja mmoja, akaomba maji ya kunawa. Filamu mbichi nyingine haikuwepo. Ile iliyopigwa ilitumwa Ulaya kama ilivyokuwa. Ilirudi safi, na haikuwa na nakala. Ukanda ule uliopita ndani ya kamera ndio uliorudi kwenye kopo, na ndio wa pekee.

Afisa wa utamaduni wa wilaya alikuja kuitazama katika ukumbi wa misheni. Alikuwa kijana, suti yake ya mikono mifupi imepigwa pasi, naye alikuwa Muha kama mimi, wa upande wa Heru. Nataka hilo likumbukwe. Alikuwa na nia njema: alitaka filamu iende Dar es Salaam, na kutoka huko izungushwe mikoani kwa gari la sinema. Alipoona ukungu wa unga alishangilia. Alipoona mto alimpigia Bruda makofi. Binti alipopiga magoti, aliacha kushangilia. Salamu ilipoendelea alijikohoza, akageuza kiti. Taa ilipowashwa alisema:

“Ndugu Mwalimu, ni kazi nzuri. Pale kati mkakate.”

“Wapi?”

“Unajua wapi. Wamwone shujaa anafika na jua linatoka. Nitawatafutia filamu nyingine, mtaongeza vita.”

Nikamwuliza kosa la salamu ni nini.

“Unataka nikwambie? Sisi tumewaondoa watemi. Tumewaambia watu wasimame, wasipige magoti mbele ya yeyote. Halafu filamu ya kwanza kutoka huku kwetu, binti anapiga magoti mbele ya adui yake! Nchi nzima itatuona. Unajua wanavyotusema. Watacheka, Mwalimu. Watacheka sana.”

Sitasema hakuwa na hoja. Alikuwa nayo, na nilikuwa nimeijua tangu utotoni, kwa sababu ilikaa nyumbani kwetu, juu ya kiti cha baba. Ndiyo maana sikuiheshimu.

“Hapigi magoti kwa woga,” nilimwambia. “Mtazame uso. Ana mkuki pale chini, na anajua atautumia. Anaamkia kwa sababu yeye ni mtu aliyelelewa. Asiyelelewa ni yule aliyemeza jua la watu.”

“Watazamaji hawataelewa hivyo.”

“Basi tuwaache wacheke. Waliocheka Tanga nao hawakuelewa.”

Hakujua nasema nini. Mwenye duka, aliyekuwa ametoka nyuma ya shuka akijifuta jasho, akaingilia. “Bwana Afisa, mimi nimeliungurumia joka hili mpaka koo limenikauka. Pale kwenye salamu ndipo napumzika. Usinikatie mapumziko yangu.” Afisa alitabasamu, lakini hakubadilika. Alisema filamu haitaonyeshwa popote mpaka ikatwe. Alisema nimkabidhi kopo kabla ya mwisho wa juma. Akaongeza, na hili alilisema taratibu, kwamba mimi ni mtumishi wa serikali na mtumishi hupangiwa kituo.

Bruda alikuwa na kijiwembe na gundi ya kuungia filamu. Alinifundisha kuvitumia, na mimi ndiye niliyejua picha ya kwanza ya salamu na ya mwisho. Aliviweka mezani, akasema, “Uamuzi ni wako, Mwalimu. Mikono ya binti ulikuwa unaisogeza wewe.” Niliufunga wembe ndani ya karatasi yake, nikautia mfukoni. Kisha nikamwuliza kama gari la misheni lina mafuta ya kufika Kibondo.

Tuliondoka asubuhi, sisi wanne na jenereta, kopo likiwa mapajani mwangu. Mvua ilikuwa imenyesha, na kabla ya Makere gari lilizama kwenye tope jekundu mpaka ekseli. Watu wa mashambani walikuja na majembe. Kabla ya kugusa gari walituamkia wote, mmoja mmoja, na mwenye duka, ambaye baada ya maisha yake yote Kasulu bado alikuwa na haraka ya watu wa dukani, alininong'oneza: “Mwanangu, afisa wako angekuwa hapa angewakata hawa na wembe.” Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Walitusukuma tukatoka.

Onyesho lilikuwa mchana, katika ghala la ushirika, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Baba nilimfuata mwenyewe. Alikuwa amehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara kama wengine, migomba yake imebaki kule juu mlimani. Nilimketisha juu ya gunia la maharage karibu na mlango. Sikumwambia kilichomo. Nikaenda kusimama nyuma ya shuka na mwenye duka. Fundi na Bruda walikuwa upande wa watu, kwenye mashine.

Nyuma ya shuka unaiona picha kinyume, na watu huwaoni kabisa. Unawasikia tu. Niliwasikia wakiguna jua lilipomezwa. Niliwasikia wanawake wakilalamika kwa uchungu wa kweli mihogo ilipooza. Binti akafika mlimani. Akalaza mkuki. Akapiga magoti. Nikapiga makofi pamoja na mikono yake, nikasema, “Mwakeye.”

Mwenye duka alivuta pumzi ili joka lijibu. Hakupata nafasi. Ghala zima lilijibu. Halikujibu kama watu wanaoigiza au wanaofanya mzaha. Walijibu kama mtu aliyeamkiwa anavyojibu, na makofi yakaanza, laini, kutoka kila pembe, mvua ile ile juu ya majani. Nikauliza habari za nyumba, wakajibu. Nikauliza habari za mama, wakajibu. Sikuwasikia wakicheka, hata watoto. Mwenye duka aliniinamia sikioni: “Wamenichukulia kazi.” Akawa anapiga makofi naye.

Nilitega sikio upande wa mlango. Makofi yalikuwepo upande huo pia. Lakini pale walikaa watu wengi, na kofi la mtu halina jina. Sikujua. Jua lilipotoka kinywani mwa joka, kelele zilitikisa mabati, nikakimbia nje kuzunguka ghala, na baba alikuwa ameshatoka, amesimama juani akijikinga macho kwa kiganja. Nilimwuliza fundi baadaye kama alimwona. Alisema alikuwa anatazama taya la joka, kama lilisogea vizuri pale alipolishikilia.

Baba aliniuliza, “Watu wa Dar es Salaam wataiona hii?”

“Labda. Afisa anataka ikatwe sehemu.”

“Sehemu gani?”

“Ile anapoamkia.”

Alitazama barabara. Mwenye duka alipita akitusalimu kwa mkono, na baba akamwambia Jambo, kama kawaida yake. Kisha akanigeukia.

“Usikubali, mwana wanje.”

Ndivyo alivyoniita, kwa Kiha. Sikuwa nimesikia maneno hayo kinywani mwake tangu aliporudi.

Tuliporudi Kasulu afisa alikuwa ananisubiri kwenye lango la misheni. Habari ilikuwa imetutangulia. Hakupaza sauti.

“Umeionyesha.”

“Nimeionyesha.”

“Nzima?”

“Nzima. Walijibu, Ndugu Afisa.”

“Walijibu nini?”

“Salamu. Ghala zima.”

Alitazama kopo. Filamu mbichi ilitoka wilayani, na kopo lilikuwa mali ya wilaya; hilo sikuweza kulibisha. Akanyoosha mkono. Nilimpa kopo. Wembe sikumpa, na nilimwambia wazi kwamba atakayetaka kukata akate mwenyewe, wala asitumie jina langu.

“Utaikata?” nilimwuliza.

“Wakubwa wataamua,” alisema. Alipanda basi la Kigoma kuwahi treni, kopo likiwa kwapani.

Muhula uliofuata nilihamishiwa shule ya mpakani, mbali na misheni na kamera. Sikuomba msamaha, sikuomba kurudishwa. Niliwafundisha watoto wa huko kukata wanyama wa ngozi na kuwafunga kwa katani. Afisa naye alihamishwa, sikuambiwa wapi. Sinia lilirudi kwa mwenyewe likiwa na mkwaruzo, na mama yule alipakua pilau juu yake akiwaeleza wageni kwamba wanakula juani.

Nilipopata safari ya Dar es Salaam, nilizunguka ofisi zilizohusika. Karani mmoja aliniambia filamu kutoka mikoani zilipokewa nyingi, baadhi zilipunguzwa, baadhi zililowa. Hakukumbuka joka. Miaka baadaye nilikutana na mwalimu aliyeiona kwenye gari la sinema, Dodoma. Alikumbuka ukungu, alikumbuka jua likitoka kinywani. Nikamwuliza kabla ya hapo binti alifanya nini. Alifikiri kwa uaminifu, akasema hakumbuki kama alifanya kitu.

Kila nilipokwenda Kibondo, baba alinisubiri niweke mzigo chini. Hakuniamkia kwa makofi, wala sikumdai. Aliniuliza jambo moja, lile lile, mpaka mwaka wa mwisho wa maisha yake:

“Yule binti, bado anajibiwa?”

Nilimwambia kweli, kwamba sijui. Mpaka leo hakuna aliyeniambia.